Washa ndogo, samaki mkubwa: biashara iliyojificha ndani ya breki ya rili

Kaskazi ikishatulia, kuanzia Novemba hadi Machi, boti za uvuvi wa fimbo huonekana kila alfajiri zikitoka Watamu, Malindi na Shimoni, na upande wa pili wa mpaka zikitoka Pemba na kaskazini mwa Unguja. Zinafuata nduaro, sulisuli na jodari wanaopita katika Mkondo wa Pemba, samaki wasio na pasipoti na wasiojua Lungalunga wala Horohoro. Mgeni aliyekodi boti amelipa fedha nzuri kwa siku moja. Nahodha amenunua mafuta, barafu na chambo. Samaki akishashika ndoano, gharama yote hiyo inategemea kitu ambacho wengi wanaouza vifaa vya uvuvi hawajawahi kukiona kwa macho: washa chache zinazoenea kiganjani, zimefungwa ndani ya gia ya rili.

Kwa anayevusha bidhaa mpakani, washa hizo zina faida ambayo si ya kudharau. Ni nyepesi, haziozi, hazivunjiki njiani, na seti kamili inagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya rili mpya. Rili kubwa za kisasa zinauzwa kwa mamia ya dola za Kimarekani, na mwenye boti moja anahitaji nne au tano. Rili zake za zamani zikiweza kurudishiwa nguvu kwa kubadilishiwa washa, atanunua washa. Lakini ni bidhaa inayomwaibisha haraka muuzaji asiyeijua, kwa sababu washa isiyo sahihi hufanana kabisa na iliyo sahihi mpaka siku samaki atakapokimbia.

Kwanza tuelewe kazi yake. Rili nzito ni winchi ndogo ya kukunjia mshipi. Nduaro wa kilo mia na zaidi hawezi kuvutwa moja kwa moja. Lazima aachiwe akimbie huku akizuiwa, achoke, ndipo akunjwe. Breki ndiyo inayoruhusu mshipi utoke kwa kipimo. Ikikaza mno, mshipi unakatika au fimbo inavunjika. Ikilegea mno, samaki anamaliza mshipi wote uliomo na kwenda nao.

Zamani breki ilikuwa kidole gumba. Mvuvi alikandamiza kipande cha ngozi juu ya mshipi uliokuwa ukitoka, na mkono wa rili ulizunguka kinyumenyume kwa kasi ya kuvunja vidole. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1913, katika kisiwa cha Catalina, California, pale mvuvi William Boschen alipompata samaki-upanga wa kwanza kuvuliwa kwa fimbo na rili. Rili yake, iliyotengenezwa na Julius vom Hofe, ilikuwa na breki ya ndani inayokazwa kwa gurudumu lenye umbo la nyota karibu na mkono. Mvuvi alikaza nyota, washa zilibanwa ndani, na mkono wa rili haukurudi tena nyuma.

Nyota hiyo bado ipo. Kampuni ya Penn, iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1932 na Otto Henze, ilitoa rili za Senator mwaka 1936, na muundo wake wa ndani umebadilika kidogo sana kwa miongo mingi. Hapo ndipo biashara ya kuboresha ilipozaliwa: rili ambayo baba alimwachia mwanawe mara nyingi inapokea washa zinazotengenezwa leo.

Nini kimo ndani

Ukifungua ubavu wa rili ya breki ya nyota unakuta gia kubwa yenye shimo kama kikombe. Ndani ya kikombe hicho washa zimepangwa kwa zamu: moja laini ya kusugua, moja ya chuma, tena laini, tena chuma. Washa za chuma ni za aina mbili na haifai kuzichanganya. Aina ya kwanza ina tundu la katikati lisilo la mviringo, lenye pande zilizonyooka, ili likamate mhimili wa mkono. Aina ya pili ina masikio mawili yanayoingia kwenye mikato ya kikombe cha gia. Kwa hiyo, samaki akivuta, washa za masikio huzunguka pamoja na gia, washa za mhimili husimama pamoja na mkono, na zile laini zilizo katikati ndizo zinazobeba msuguano wote.

Msuguano huzaa joto, na joto hilo si la kubahatisha. Chukua breki iliyowekwa kilo nane na samaki aliyekimbia mita 300. Nguvu iliyotumika hapo ikigeuka kuwa joto inatosha kupasha nusu kikombe cha maji ya kawaida mpaka yafikie moto wa chai. Sasa joto hilo lote linazaliwa ndani ya vipande vichache vyembamba, vilivyofungwa, bila upepo, pengine kwa muda usiozidi dakika moja.

Ngozi ikipata moto huo hukauka na kuungua. Washa za nyuzi zilizogandishwa, ambazo ndizo zilizotumika kwenye rili nyingi za zamani, huota mng'aro kama kioo. Zikishang'aa zinashika na kuachia, zinashika na kuachia. Mvuvi huisikia fimbo ikidunda. Hapa kuna jambo ambalo muuzaji anapaswa kulielewa vizuri kwa sababu ndilo analouza hasa. Breki mbovu haikosi nguvu. Mara nyingi ina nguvu nyingi mno kwa wakati usiofaa. Ili ianze kuteleza inahitaji mvuto mkubwa, kisha ikishaanza, mvuto unaohitajika unashuka ghafla. Samaki aliyesimama kisha akaondoka kwa kishindo anaukuta mshipi umekamatwa kwa sekunde moja, na sekunde moja inatosha kuukata.

Washa za kaboni zilikuja kutibu ugonjwa huo. Ni kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kaboni na kushikwa kwa gundi ngumu. Kaboni huvumilia joto kubwa, haiyeyuki, hainyonyi maji kama ngozi, na tofauti kati ya mvuto wa kuanza na mvuto wa kuendelea ni ndogo. Penn wenyewe waliingia huko kwa washa wanazoziita HT-100, na watengenezaji wengine wanauza za kaboni kwa ajili ya modeli nyingi za zamani na mpya. Mtu akibadilisha washa kongwe za nyuzi kwa za kaboni, jambo la kwanza analoliona ni utulivu: mshipi unatoka kama uzi kwenye cherehani iliyotiwa mafuta.

Kilo nane zinavyogeuka kumi na sita

Wateja wengi huuliza swali moja: breki mpya inafika kilo ngapi? Mimi naona ni swali la pili, si la kwanza. Kanuni ya wavuvi wa fimbo ni kuweka breki kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa kilo 24, ule unaouzwa kama wa ratili 50, unawekewa breki ya kilo sita hadi nane. Kipimo hupatikana kwa mizani ya springi ya kuning'iniza, ileile ya sokoni, iliyofungwa kwenye ncha ya mshipi na kuvutwa taratibu. Kukisia kwa mkono ni kujidanganya.

Kwa nini theluthi, na si nusu au zaidi? Kwa sababu breki inakaza yenyewe bila mtu kuigusa. Rili ikiwa imejaa, mshipi unavutia kwenye ukingo wa duara kubwa. Samaki akishatoa mshipi mwingi, duara linalobaki ni dogo. Breki ndani inashika kwa nguvu ileile, lakini sasa samaki anavuta karibu zaidi na mhimili, kwa hiyo anahitaji nguvu kubwa zaidi kuizungusha. Duara likibaki nusu ya upana wa mwanzo, breki ya kilo nane imekuwa ya kilo 16. Ongeza uzito wa maji yanayokinzana na mamia ya mita za mshipi uliopinda baharini, na ule mshipi wa kilo 24 umebakiwa na nafasi ndogo sana ya kupumua. Mvuvi asiyejua hili huona mshipi unatoka kwa wingi, anapata hofu, anakaza nyota. Anaukata yeye mwenyewe.

Washa za kaboni hazibadilishi hesabu hiyo. Zinachofanya ni kuhakikisha kwamba kilo nane za mwanzo ni kilo nane kweli, leo na baada ya kukimbiwa mara tatu na jodari, bila kupanda hadi 11 kwa mshtuko na kushuka hadi tano kwa joto.

Kuna hatari upande wa pili pia. Kwa kuwa kaboni inaweza kubanwa zaidi bila kuungua, rili ya zamani iliyokuwa ikiishia kilo saba inaweza ghafla kufika 12 au zaidi. Sehemu nyingine za rili hazikuandaliwa kwa kazi hiyo. Meno ya gia laini ya shaba huliwa. Mhimili wa mkono hupinda. Baya kuliko yote ni ulimi unaozuia mkono usirudi nyuma: ukivunjika katikati ya mvutano, mkono wa rili unazunguka kinyume kama panga la feni na vidole vya mvuvi viko pale pale. Kilo 12 kwenye mizani ya sokoni si kilo 12 kwenye fimbo, maana urefu wa fimbo unazizidisha dhidi ya mgongo na kiuno cha aliyeishika. Mtu aliyesimama kwenye boti inayoyumba, bila mkanda wala kiti, anaweza kung'olewa akaingia baharini. Kwa hiyo anayemuuzia mteja washa kwa rili iliyochakaa amweleze pia kuhusu gia, mhimili na ulimi. Mara nyingi mteja mwerevu atazinunua zote pamoja, na hapo mfanyabiashara amepata mauzo ya halali bila kumdanganya mtu.

Kufunga

Kazi yenyewe ni ya saa moja kwa fundi aliyezoea. Rili inafunguliwa juu ya kitambaa cheupe ili vijiskrubu visipotee, na kila kipande kinapigwa picha kwa simu kabla hakijatolewa. Washa za zamani hutolewa kwa mpangilio wake na kulazwa zilivyokuwa. Chuma husafishwa kwa mafuta ya taa na kukaguliwa: kilichoota kutu, kilichopinda au kuchimbika hakirudi ndani, maana kaboni mpya juu ya chuma kilichochimbika itachakaa upesi.

Angalizo moja la afya. Baadhi ya washa za rili za kale sana zilitengenezwa kwa asbesto. Ukikuta rili ya miaka mingi yenye washa za kijivu zinazovunjika na kutoa unga, usipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, usizisugue kwa msasa. Lowesha kwanza, zitoe zikiwa na unyevu, zifunge kwenye mfuko na kuzitupa mbali na watoto. Mapafu hayana spea.

Washa mpya za kaboni katika rili ya nyota zinaweza kufanya kazi zikiwa kavu, lakini kwa bahari yetu ya chumvi mafundi wengi duniani huzipaka grisi nyepesi maalumu ya breki za rili, kisha kuifuta mpaka ibaki utando tu. Grisi hiyo inazuia kutu kwenye chuma cha jirani na kufanya mteremko uwe laini zaidi, ingawa inapunguza kidogo nguvu ya juu kabisa. Grisi ya beringi za gari haifai hapa. Ikipata moto hulainika na kutembea, baadaye hugeuka kuwa gundi. Muuzaji anayebeba washa bila grisi yake amebeba nusu ya bidhaa.

Rili za wenzo ni habari nyingine. Hizo hazina mpangilio wa washa nyingi ndani ya gia. Zina sahani moja au mbili kubwa kando ya gurudumu la mshipi, na breki inaongezwa kwa kusukuma wenzo mbele. Nyingi za Shimano na zile za Penn International ni za namna hii. Baadhi ya sahani zake zimekusudiwa kukaa kavu, nyingine hupakwa grisi, na tone la mafuta mahali pasipofaa linaweza kuiua breki nzima. Kwa rili hizo fuata maelekezo ya mtengenezaji, na kama hayapo, mpe fundi anayezijua.

Jambo linalowakwamisha wengi baada ya kufunga ni unene. Mpangilio mzima ukiwa mnene kupita ule wa awali, nyota haitaweza kulegea vya kutosha na breki itakuwa inakamata muda wote. Ukiwa mwembamba mno, nyota inafika mwisho kabla washa hazijabanwa. Pia kuna zile washa za springi zilizobonyea kama kisahani, zinazokaa juu ya mpangilio. Zinapaswa kutazamana, migongo nje, ili zifanye kazi kama springi. Zikilaliana upande mmoja, breki inaruka kutoka hakuna hadi nyingi kwa robo tu ya mzunguko wa nyota.

Kununua, kuvusha, kuuza

Vipimo vitatu vinamtosha mfanyabiashara: upana wa nje, upana wa tundu na unene. Nunua kipimo cha vernia, kisha uwe nacho kila safari. Usikubali maelezo kama "ya rili kubwa" au "ya Senator", kwa sababu Senator zipo za namba nyingi na washa za moja haziingii kwenye nyingine. Mteja alete rili yenyewe, au asome namba iliyochongwa ubavuni na kuituma kwa ujumbe. Washa zikiwa zimehifadhiwa kwenye vifuko vyenye namba ya modeli, duka la mita mbili linaweza kuhudumia bandari nzima.

Bandia zipo. Kaboni ya kweli ina mfumo unaoonekana, nyuzi zikipishana kama mkeka, na ukiitazama ukingoni ni nyeusi kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ya bandia mara nyingi ni plastiki iliyochapwa picha ya mkeka. Ukikwaruza kwa pini rangi inatoka na weupe au ukijivu unajitokeza chini yake. Jaribio la mwisho ni kiberiti kwa kipande kimoja cha sampuli: plastiki itayeyuka na kudondoka, kaboni haiyeyuki. Kama muuzaji wa jumla anakataa usichome hata sampuli moja, rudisha fedha zako mfukoni.

Kuhusu mpaka, wapo wanaodhani kwamba kila mzigo mdogo unapita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Utaratibu huo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaohusu mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Washa iliyotengenezwa Marekani, Japani au China haibadiliki kuwa bidhaa ya Kenya kwa sababu tu imenunuliwa Mombasa, wala ya Tanzania kwa kuwa imetoka Dar es Salaam. Beba risiti inayoonyesha nchi ilikotengenezwa na thamani halisi, tamka mzigo, na uulize kiwango cha ushuru kabla ya safari. Rili zenyewe zina namba yake katika orodha ya forodha, 9507.30, nayo ni vizuri kuijua kwa kichwa. Mzigo wa washa unaingia mfuko wa shati, na ndiyo maana kishawishi cha kutoutamka ni kikubwa. Lakini aliyekamatwa na mfuko wa shati huandikwa jina sawasawa na aliyekamatwa na lori, na wewe bado una safari nyingine wiki ijayo.

Soko haliishii pwani. Wavuvi wa fimbo wanaofuata sangara katika Ziwa Victoria na katika Mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison, Uganda, hutumia rili ndogo kidogo, lakini nyingi kati yake zina breki ileile ya nyota na washa zilezile kwa vipimo vidogo. Maji baridi hayali chuma kama chumvi. Hata hivyo, vumbi na mchanga wa mto vinaingia ndani, na sangara mkubwa akigeuza mkia, breki iliyokwama itamwachia kama ilivyomwachia nduaro.

Pwani kuna sababu nyingine inayoongeza thamani ya breki laini. Nduaro na sulisuli wengi wanaovuliwa kwa fimbo Watamu na Malindi huwekewa alama na kurudishwa baharini. Samaki aliyepiganishwa kwa saa nyingi kwa sababu breki haikaziki vizuri anarudi majini akiwa amechoka kiasi cha kuliwa na papa. Nahodha anayeishi kwa wageni wa aina hiyo anahitaji pambano fupi na safi.

Mteja akishafungiwa, mwelekeze matunzo, maana akirudi kulalamika atarudi kwako. Akitoka baharini akaze breki kidogo kabla ya kuosha, amwagie rili maji baridi taratibu bila kuelekeza bomba la kasi ndani yake, aifute, kisha alegeze nyota kabisa kabla ya kuihifadhi. Washa zilizoachwa zimebanwa kwa miezi hushikana na chuma, na siku ya kwanza ya msimu breki huanza kwa mkwamo uleule aliolipa fedha kuuondoa.

Kusi ikivuma kwa nguvu, kuanzia Mei hadi Julai, boti nyingi za fimbo hukaa ufukweni na rili hulala sandukuni. Huo ndio wakati mafundi wanazifungua, na ndio wakati wenye boti wanatafuta vipuri. Seti zinazoagizwa kutoka ng'ambo huchukua wiki kadhaa kufika, na bado kuna forodha. Anayetaka kuuza Juni anapaswa kuwa ameagiza Machi, wakati nahodha bado yuko baharini na anaweza kumwambia ni rili gani kati ya zake imeanza kudunda.